Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Safari, Ada na Suala la Vitu vya Njiani

Ndugu wajumbe wa Kamati ya Utendaji, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama chetu cha waendesha baiskeli kwa mwaka unaokwisha. Safari za Jumamosi ziliendelea kama kawaida kutoka Mwenge kupitia Tegeta na Bunju hadi Bagamoyo, na mara chache tulifika Kiwangwa kufuata mananasi. Mafunzo ya kuziba pancha yalifanyika, fulana zilishonwa, na msiba wa mwenzetu tulishiriki. Hayo mnayafahamu, kwa hiyo sitayarefusha.

Kuhusu fedha, chama kina wanachama 58 na ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliolipa kamili ni 21, waliolipa nusunusu ni 9, na waliobaki hawajatoa chochote. Makusanyo ni shilingi 745,000 dhidi ya 1,740,000 zilizotarajiwa, na matumizi ni 812,000. Pengo la shilingi 67,000 lilizibwa na shilingi 54,000 za mauzo nitakayoyaeleza hivi punde, na 13,000 zilizosalia zilitoka mfukoni mwangu. Sijazidai na sina nia ya kuzidai, ila nimeona ni vyema zikajulikana.

Mahudhurio yanasikitisha. Mkutano wa robo ya tatu ulihudhuriwa na watu tisa, wawili kati yao wakiwa wamefuata kofia walizosahau. Hata hivyo, uamuzi uliotolewa katika mkutano huohuo, wa kuondoa rafu ya vitu vilivyookotwa njiani, ndio uliozua maneno mengi katika kundi la WhatsApp, na wasemaji wakubwa ni wale ambao siku hiyo hawakuonekana. Ninalazimika kulieleza jambo hili kwa kirefu.

Itakumbukwa kwamba wazo la kuweka rafu ya vitu vya njiani katika chumba chetu cha vifaa lilikuwa langu. Mwendesha baiskeli huona asivyoviona abiria wa basi, kwa sababu macho yake yako kwenye ukingo wa lami muda wote, akikwepa misumari na vipande vya chupa. Nilipendekeza tukusanye vya ajabu vichache kwa ajili ya kumbukumbu. Sikupendekeza chumba kigeuke ghala. Ndani ya muda mfupi rafu ilijaa ndala za mguu mmoja, spana, vifuniko vya magurudumu, pleti namba za njano na nyeupe, kibao cha barabarani cha mwendo wa 50, na kigae cha sahani ya kale. Mwenye chumba alilalamika, nasi kodi ilikuwa haijalipwa, kwa sababu ambayo aya ya fedha imeieleza.

Kamati ikaamua katika mkutano ule, chini ya uenyekiti wangu, kuiondoa rafu. Wapo wanaodai nimeuza mali ya wanachama. Nawaomba wasikilize kilichofanyika kwa kila kitu, kisha waseme ni kipi kilikuwa mali yao.

Pleti namba nyingi ziliokotwa wakati wa masika karibu na daraja la Mpiji, ambako maji hutuama barabarani na nguvu ya maji huzing'oa kwenye bampa bila dereva kujua. Kila moja ina namba ya usajili, na mwenyewe hutafutika. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vyake vya wizi, humwondolea lawama mwokotaji ambaye hamjui mwenye mali na anaamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Mwenye kushika pleti yenye namba hawezi kujitetea hivyo. Zote nilizipeleka polisi mimi mwenyewe, kwa baiskeli, na nikasubiri nusu siku kuandikiwa.

Kibao cha mwendo kilikuwa kimelala mtaroni, na aliyekileta anasema alikiokoa. Inawezekana. Lakini sote tunajua vibao vya barabarani hung'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, na siku kitakapokutwa kwetu hakuna atakayeuliza nani alikiokoa. Kimerejeshwa kwa wahusika wa barabara.

Kigae ndicho kilicholeta uchungu zaidi. Kiliokotwa kwenye njia ya kuelekea magofu ya Kunduchi, mahali ambapo makaburi ya nguzo yalipambwa kwa bakuli na sahani za Kichina. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na mimi si mtaalamu wa kukisia umri wa sahani. Nimekikabidhi kwa wanaohusika na mambo ya kale. Aliyekiokota amesusa safari tangu hapo, na namkaribisha arudi, pamoja na ada yake.

Vilivyouzwa ni spana na vyuma visivyo na alama yoyote, kwa mnunuzi wa chuma chakavu, mbele ya mhazini. Ndala zilitupwa. Risiti ipo.

Badala ya rafu, tumeanzisha daftari na picha, na binafsi naona yaliyoandikwa humo yanapendeza kuliko yaliyokuwa rafuni, kwa kuwa mengi hayabebeki: magunia ya mkaa ya lumbesa yaliyosimama peke yake barabara ya Msata, mwenyewe akijitokeza kichakani ukipunguza mwendo tu, makopa yaliyoanikwa kwenye lami yenyewe, na alama za X kwenye kuta za nyumba zilizomo ndani ya mita 60 za hifadhi ya barabara kuu. Naomba pia matawi mabichi yaliyopangwa barabarani yasiguswe kamwe. Mwenzetu mmoja aliyaondoa karibu na Mapinga kwa kudhani ni uchafu, kumbe mbele kulikuwa na lori bovu, na ni mimi niliyerudi kuyapanga upya.

Kwa mwaka ujao, kamati inatarajia kufika Msata hali ikiruhusu, kutafuta chumba cha bei nafuu, na ikiwezekana kupata mfadhili wa kofia. Mhazini amekaa mlangoni akiwa na kitabu cha stakabadhi, na wenye madeni wanaombwa kumwona kabla ya chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti