Usimkataze Kunguruma

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Barua yako ilinifika juzi jioni. Niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni, nikaisoma tena baada ya kuketi, maana nilihisi jinsi moyo wako ulivyokuwa mzito ulipokuwa ukiiandika. Unasema kwamba Jasiri, mbwa uliyempokea akiwa amekwisha kukua, alimngurumia binti yako alipomkumbatia shingoni akiwa amelala kando ya kabati. Kwamba ulimpiga kwa kandambili hata akajikunyata. Na kwamba tangu siku hiyo kila uingiapo sebuleni yeye huinuka taratibu na kutoka. Unaniuliza kama umtoe nyumbani. Nitakujibu kwa kirefu, unisamehe, kwa kuwa jambo hili nililikosea mimi mwenyewe zamani, na kosa langu likawaangukia wengine.

Nianze na mtoto, maana hilo haliwezi kungoja. Kuanzia leo usiwaache wawili hao peke yao katika chumba kimoja, hata kwa muda mfupi unaokwenda kuzima jiko. Ukiwa na shughuli, mmoja awe upande huu wa mlango na mwingine upande ule. Mtoto wa miaka minne hawezi kulaumiwa kwa kumkumbatia ampendaye, wala mbwa hawezi kulaumiwa kwa kutojua kwamba kule kukumbatiwa kulikuwa mapenzi. Mtu mzima ndiye anayepaswa kusimama katikati yao. Hilo likishatengenezwa utaweza kulala usingizi, na tutaweza kumzungumzia Jasiri bila hofu.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Mbwa wangu wa kwanza alikuwa na tabia ya kunguruma kila mtu alipomgusa upande wa kushoto wa uso. Niliona ni utovu wa adabu, nami kila aliponguruma nilimkemea, na mara nyingine nilimchapa. Baada ya miezi michache akanyamaza kabisa, na mimi nikajisifu kwa watu kwamba nimemfunza. Siku moja mgeni wetu aliinama kumpapasa shavu, naye akamuuma mkono bila kutoa sauti yoyote. Daktari wa mifugo alipomfunua mdomo alinionyesha jino la gego la juu lililopasuka, ufizi umevimba na kuwa mwekundu uliokolea, na alipoubonyeza kidogo kwa kidole usaha ukatoka. Yule mbwa alikuwa akituambia miezi yote hiyo kwamba anaumwa. Mimi sikumponya maumivu, nilimnyang'anya tu neno alilokuwa akiyasemea. Mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa akitetemeka juu ya ile meza ya daktari, huku ameegemeza kichwa kwenye mkono wangu uleule uliomchapa, naona uchungu.

Ndiyo maana nakuomba sana usimkataze Jasiri kunguruma. Mbwa anayenguruma amechagua kuonya badala ya kuuma, nasi tunapaswa kuona hilo kuwa jema kwake. Anaponguruma, acha unachofanya, mwite mtoto kwa sauti ya kawaida aje kwako, mpe mbwa nafasi ya kuondoka, kisha ujiulize alikuwa akikataa nini. Na kwa kuwa hujui bado, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Mwombe amtazame meno, masikio, viungo vya nyonga na mgongo, kwa sababu maumivu ya mifupa humfanya mbwa mpole achukie kushikwa ghafla, na sikio lenye uchafu na vidonda huuma hata kwa kuguswa na nywele za mtoto. Papo hapo hakikisha kwamba chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati.

Umeandika kwamba alinguruma "bila dalili yoyote." Sidhani, rafiki yangu. Nadhani dalili zilikuwapo, ila ni za lugha ambayo hakuna aliyetufundisha tulipokuwa wadogo. Mbwa asiyetaka kusogelewa huanza kwa kugeuza kichwa pembeni. Hujiramba pua kwa haraka ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, huinua mguu mmoja wa mbele na kuuacha ukining'inia. Usipomsikia, hufunga mdomo uliokuwa wazi, mwili wake wote unakauka, na weupe wa jicho unaonekana kama mwezi mwembamba kwa sababu anakutazama bila kukugeuzia uso. Mngurumo huja baada ya hayo. Mtoto aliyemkumbatia kwa nyuma hakuweza kuona hata moja kati ya hizo, na wewe ulikuwa jikoni. Zaidi ya hayo, mbwa wenyewe kwa wenyewe hawasalimiani kwa kukabana shingo. Mikono inayomzunguka humfanya ahisi amenaswa, hasa akiwa amelala na nyuma yake kuna kabati lisilompa njia.

Lakini alikuwa akitikisa mkia, unasema. Mkia unaotikisika unaonyesha kwamba mbwa amesisimka. Kama msisimko huo ni wa furaha au wa wasiwasi, lazima utazame mwili mzima. Mkia unaopepea kwa ulegevu mpaka kiuno kinayumba pamoja nao ni jambo moja, na mkia uliosimama wima ukitikisika kwa mipigo mifupi na migumu ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichapisha uchunguzi wao walioufanya kwa mbwa 30 wa nyumbani, wakaona kwamba mbwa alipomwona mwenye kumfuga mkia ulielekea zaidi upande wake wa kulia, na alipomwona mbwa mgeni mwenye ubabe ulielekea zaidi kushoto. Sikutumi ukapime mkia wa Jasiri kwa rula. Nakuandikia hilo ili uone kwamba hata mkia, tunaodhani twaufahamu, una mambo tusiyoyatambua kwa mtazamo wa haraka.

Na hapa sina budi kusema wazi juu ya kile kipigo. Unaandika kwamba "alijua amekosa," kwa kuwa alilala chini, akalaza masikio na kutazama pembeni. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilichunguza jambo hilihili. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kipande cha chakula kisha wakatoka chumbani, na waliporudi wengine waliambiwa kwamba mbwa amekila hali hakukila. Uso ule tunaouita wa hatia ulitokea zaidi pale mbwa alipokemewa, na haukutegemea kama alikuwa amekosa kweli. Maana yake ni kwamba Jasiri hakuwa akikiri kosa mbele yako. Alikuwa akikuogopa na kukusihi upoe. Alichojifunza siku ile ni kwamba mtoto akija karibu, mambo mawili mabaya hufuata, yaani kukabwa na kupigwa. Kwa hiyo wasiwasi wake juu ya binti yako umeongezeka, wala haukupungua. Nakuandikia hili kwa upendo, nikijua kwamba ulipiga kwa sababu ulimwogopea mwanao.

Shemeji yako aliyekushauri umlaze Jasiri chali na kumkandamiza mpaka akubali kuwa wewe ndiye mkubwa, usimfuate. Fikra hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1947 Rudolph Schenkel aliandika juu ya mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, ambao waligombea ukubwa, na watu wakachukua habari ya wafungwa hao wakaifanya kanuni ya kila mbwa sebuleni. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyesaidia kuieneza fikra hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1970, ndiye aliyeirekebisha mwaka 1999 baada ya miaka mingi ya kuwatazama mbwamwitu huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada: alionyesha kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na wazazi huongoza kama wazazi wanavyoongoza. Namheshimu sana kwa kusahihisha neno lake mwenyewe hadharani. Mbwa anayekandamizwa chali hajifunzi heshima, anajifunza kwamba mikono yako si salama.

Utauliza, basi nifanye nini? Mpe kwanza mahali pake. Tandika godoro lake kwenye kona yenye utulivu, isiyopitwa na watu kila mara na yenye njia ya kutokea, kisha iwe sheria ya nyumba kwamba akiwa hapo hakuna anayemfuata, hakuna anayemwamsha, hakuna anayemgusa, na mkubwa pia asivunje sheria hiyo. Mbwa mzima hulala karibu nusu ya siku nzima, tena kwa vipande vipande, na nyumba yenye watoto humkatiza mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Chakula chake na mfupa wake viwe katika kona hiyohiyo.

Kisha mtoe matembezini, na ukimtoa umwache anuse. Hili nalisisitiza kwa sababu nimekuona ukitembea naye: unavuta kamba kila anaposimama, kana kwamba mmechelewa mahali. Mwanadamu ana chembe za kupokea harufu zipatazo milioni 5 au 6 puani. Mbwa ana zaidi ya milioni 200. Kwenye shina la mti ambalo wewe unaliona kuwa shina tu, yeye anasoma ni nani aliyepita, kama alikuwa dume au jike, na kama ni mbwa amjuaye au mgeni. Ukimvuta unamfungia habari za siku nzima. Nilipoanza kumwachia mbwa wangu wa sasa dakika zake za kunusa, nilimtazama siku moja pua yake ikifuata ukingo wa jani moja la nyasi kutoka chini hadi ncha, polepole, mianzi ikifunguka na kufunga, na aliporudi nyumbani alinywa maji, akazunguka mara mbili juu ya godoro na kulala bila kuhangaika. Matembezi ya kukimbizwa hayakuwahi kumpa utulivu ule. Jioni mtupie chembe za chakula chake kwenye nyasi azitafute, umpe na kitu salama cha kutafuna. Kutafuna humtuliza, na mbwa asiyepewa cha kutafuna atajitafutia mwenyewe, ndipo viatu vinapoingia hatarini.

Kuhusu Jasiri na binti yako, kuna kazi ya wiki kadhaa, nayo ni ya upole. Unakumbuka habari za Ivan Pavlov wa Urusi, aliyegundua kwamba mbwa huanza kutoa mate kwa ishara tupu ikiwa ishara hiyo imetangulia chakula mara nyingi. Namna alivyowatendea wale mbwa wake siwezi kuisifu, lakini alichokiona ni kweli na kinaweza kutumika kwa huruma. Mtoto akiwa mbali, mahali ambapo Jasiri anamwona ila mwili wake bado umelegea, mpe kipande kidogo cha chakula akipendacho zaidi. Mtoto akitoka, chakula kimekwisha. Rudia kwa muda mfupi, kila siku, na usogeze umbali hatua moja tu pale mbwa mwenyewe anapoanza kukugeukia kwa furaha kila amwonapo mtoto. Akijiramba pua au akifunga mdomo, umesogeza mapema mno, rudi nyuma. Usimvute kwa kamba amkaribie, wala usimtume mtoto kumpa chakula mkononi, kwa sababu mbwa mwenye njaa na hofu anaweza kusogea karibu kuliko anavyostahimili, na chakula kikiisha anajikuta amefika pabaya. Mtoto naye afundishwe kukaa chini na kungoja mbwa aje mwenyewe, kumpapasa kifuani au ubavuni kwa mkono mmoja kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu, kisha kuacha. Mbwa akisogea zaidi, amekubali. Akigeuza kichwa, amekataa, na jibu lake lipokewe.

Kumbuka pia kwamba hukumlea tangu utotoni. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi za maisha yake, mtoto wa mbwa hujifunza ni viumbe gani na sauti zipi ni za kawaida. Huenda Jasiri hakuwahi kukutana na mtoto mdogo katika wiki hizo, na kwake mtu mfupi anayekimbia na kupiga kelele ni kiumbe kigeni. Mbwa mkubwa bado anajifunza, ila taratibu zaidi.

Kama baada ya daktari na baada ya wiki hizo utaona bado hawezi kustahimili mtoto, hutakuwa umeshindwa ukimtafutia nyumba ya watu wazima watupu, kwa uangalifu, na kuwaeleza yote unayoyajua. Lakini usimtoe sasa, kabla mtu yeyote hajamtazama mdomo na masikio.

Jambo moja la usiku wa leo. Akiinuka kutoka ukiingia sebuleni, usimfuate wala usimwite. Keti sakafuni ukiwa umempa ubavu, usimkazie macho, na uache kipande cha chakula hatua mbili kutoka ulipo. Soma gazeti lako. Pengine hatakuja leo, wala kesho.

Niandikie mara tu daktari atakapomwona, unieleze alichokisema, na kama Jasiri alikubali kushikwa sikio la kushoto, maana umetaja mara mbili kwamba hujikuna upande huo.

Mimi rafiki yako wa siku zote.