Nitrofurantoini "1x2": kapsuli ipi?

Ndugu Mhariri,

Bahasha ya dawa iliyoandikwa "nitrofurantoini 1x2" tu, yaani moja mara mbili kwa siku, haimtoshi mgonjwa wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Antibiotiki hii ina kapsuli za aina mbili, na kila moja ina ratiba yake.

Kapsuli ya miligramu 100 inayoachia dawa polepole humezwa kila baada ya saa 12. Ile ya kawaida ya miligramu 50 humezwa kila baada ya saa 6: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Zote mbili hutimiza miligramu 200 kwa siku. Anayemeza ya kawaida mara mbili hupata nusu ya dozi, na kwa kuwa dawa hii hutoka mwilini haraka, kibofu hushinda saa nyingi bila kinga. Ya polepole ikimezwa mara nne, kichefuchefu huzidi na mgonjwa huiacha njiani. Isifunguliwe wala kutafunwa.

Zote zimezwe na chakula. Wengi hudhani ni kwa ajili ya kutuliza tumbo, kumbe chakula pia huongeza kiasi cha dawa kinachofyonzwa. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu trisiliketi hukipunguza.

Kwa maambukizi ya kibofu pekee, mwanamke asiye mjamzito hutumia siku 3 hadi 5, kutegemea mwongozo. Mwanamume na mjamzito, siku 7. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asipewe, wala mtoto wa chini ya mwezi mmoja, wala mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), maana chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka.

Swali linalorukwa mno kwenye dirisha la dawa ni hili la figo. Figo zikichoka, dawa haifiki ya kutosha kwenye mkojo. Hubaki kwenye damu, na ganzi ya miguu inaweza kufuata. Nchini Uingereza kwa kawaida huepukwa kipimo cha uchujaji wa figo (eGFR) kikiwa chini ya mililita 45 kwa dakika.

Mgonjwa aambiwe mapema kwamba mkojo unaweza kuwa wa kahawia. Hauna madhara, ila asiyejua hushtuka na kuacha dozi. Akisahau kidonge, asimeze viwili kwa pamoja. Akipata homa, kutetemeka au maumivu ya ubavuni, arudi siku hiyohiyo abadilishiwe dawa, kwa sababu nitrofurantoini haijengi kiwango cha kutosha ndani ya nyama ya figo.

Mfamasia