Mama kapelekwa kwenye mti wetu, mimi nimeona picha tu

Anti, shikamoo.

Ni saa tisa na nusu usiku huku San Jose na sijalala tangu Jumamosi. Nakuandikia nikiwa jikoni ili mume wangu asinisikie nikilia, maana ameshaniambia mara mbili kwamba huo ni msitu tu. Si msitu tu, Anti. Wewe unajua inavyokuwa mzee wako akiwa amezikwa Moshi na wewe uko huku.

Kaka yangu alimchukua mama, mkewe na watoto wao, wakaenda Big Basin, ile hifadhi ya miti mirefu ya redwood huku California. Hakuniambia. Nimejua kwa wifi, alipotuma picha kwenye grupu la familia: mama kasimama na mkongojo wake ndani ya ule mti wenye tundu, wajukuu huku na huku. Ule ambao ukiingia na kuinua macho unaiona mbingu kule juu, kama uko ndani ya kisima. Pale kushoto aliposimama mtoto wa kaka, pale palikuwa pangu. Tangu nina miaka mitano mpaka naolewa, kila Agosti mzee alitupiga picha palepale.

Mzee alikuja Marekani kusoma mwaka 1978, na alikuwa akisema California nzima ni kule tu asikojiona mgeni, kwa sababu ya ule ukungu wa asubuhi unaoshuka kwenye miti kama wa kwetu mlimani. Redwood gome lake ni nene na lina nyuzi kama makumbi ya nazi. Yeye aligonga gome lile kwa kiganja, akapiga hodi, ndipo tukaingia. Alituambia miti mingine pale ina zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo lazima iamkiwe. Mwaka 2016, ilipotangazwa kwamba mti mrefu kuliko yote Afrika umepatikana Kilimanjaro, mita 81 na nusu, alinipigia simu usiku kuniambia tu, "Mwanangu, hata kwetu wapo!"

Sasa kaka anasema, "Wewe mwenyewe ulitukataza kukutajia huo msitu." Ni kweli, nilisema. Ilikuwa 2020, radi za Agosti zilipowasha ule moto ukala asilimia 97 ya hifadhi, na kambi tulizokuwa tukilala, na lile jengo la zamani la mapokezi. Nilisema baba amekufa mara ya pili na sitakanyaga tena. Walipofungua 2022 kaka aliniuliza, nikamjibu vibaya, nikakata simu. Nakubali. Lakini kukataza kutajiwa na kufichwa kwamba mama anapelekwa ni mambo mawili tofauti. Na kule wikiendi mtu haendi kwa kukurupuka, maegesho unayawekea nafasi mapema. Kwa hiyo alijua. Jumapili ile ya kabla yake alikula pilau kwangu, akaniomba na ya kubeba, kimya.

Yeye alipata kwenda Moshi mwaka 2019. Alimwaga udongo kaburini kwa mkono wake. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane na daktari alikataa nisipande ndege, na bado kuna shangazi zangu mpaka leo wanaosema nilijitakia. Kaka ana kaburi. Mimi nilibaki na mti. Sasa na mti kaenda bila mimi.

Ile picha nimeikuza kwenye simu mpaka imekuwa ukungu. Shina ni jeusi tii nje, lakini miti ya nyuma imechipua kuanzia chini mpaka juu, machipukizi yamelivaa shina lote, kijani kibichi kabisa. Wifi aliwahi kunieleza kwamba redwood haifi kirahisi kwa moto, inachipua palepale ilipoungua. Nilimwambia sitaki kusikia. Sikujua ni vile.

Mwanangu, ndiye mwenye jina la babu yake, ana miaka sita sasa. Jana nilikuwa nazipanga picha za zamani za pale mtini, akazitazama zote, akauliza mbona babu hayumo. Nikamwambia babu ndiye aliyekuwa akipiga. Akasema basi twende tukamuone anapopigia. Nikashindwa kumjibu.

Sitaki kwenda, Anti, nataka tu kaka akiri kwamba amenikosea. Lakini nimeangalia, Alhamisi maegesho yapo. Mama anaondoka kurudi Moshi tarehe 28, ana miaka 78, goti lake silo, na mwakani sijui kama ataiweza tena safari ya ndege. Yeye tu ndiye anayejua mzee alikuwa anasimama wapi na kamera. Na Jumapili nilimwambia kwenye simu kwamba hayo ya msitu hayanihusu, wakafurahi wenyewe. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama mtoto amekula.

Nikimwomba anisindikize, sisi watatu tu, bila kaka kujua, si nitakuwa nimefanya yaleyale aliyonifanyia? Na nikimwambia kaka, atasema nimeshindwa. Nianze kumwambiaje mama, baada ya maneno yale?

Mtoto wa pili,
San Jose, California