Kabla ya daraja, rekebisheni taa

Mhariri,

Wapo wanaotaka katikati ya mji wetu tujengewe daraja la waenda kwa miguu, ati magari yapite bila kusimamasimama. Naomba kupinga, na sababu yangu ni mzee mmoja niliyemwona wiki iliyopita.

Alisubiri mpaka taa ya kijani ya watu ikawaka. Akashuka na mkongojo wake, hatua nane tu, taa ikaanza kupepesa. Alipofika katikati ilikwisha kuwa nyekundu. Akabaki amesimama juu ya mstari mweupe, magari yakimpita mbele na nyuma, upepo wa lori ukimpeperusha shati. Mwishowe dereva mmoja alisimama akampungia avuke. Wa nyuma yake akapiga honi. Na mzee hakuwa amevunja sheria yoyote.

Taa nyingi hupangwa kwa kukisia kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14, basi, hupewa sekunde 12 hivi. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 17 na nusu. Huyu ndiye tumwambie apande ngazi za daraja? Hata vijana huzikwepa wakakatiza chini.

Taa ziongezwe muda, na ya watu itangulie ya magari kwa sekunde 3 hadi 7. New York wamefanya hivyo kwenye makutano mengi: dereva anayekata kona anawakuta watu wameshaingia barabarani, mbele ya macho yake. Barabara ikiwa pana, kiwekwe katikati kisiwa, yaani jukwaa dogo lililoinuliwa ambapo anayevuka anaweza kusimama kungoja. Na magari yasiegeshwe karibu na kivuko, maana mtoto akitokea nyuma ya gari kubwa haonekani mpaka awe mbele ya bampa lako. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hula karibu mita 14 kwa sekunde moja, yaani upana wote wa barabara ile, na pengine mguu haujagusa breki. Kwa 30 ni mita 8 na kidogo.

Madereva wenzangu watalalamika kuhusu foleni. Jioni moja nilikaa kwenye usukani mizunguko mitatu ya taa bila gari hata moja la upande wetu kuvuka. Aliyetuzuia hakuwa mtembea kwa miguu. Ni magari yaliyojisukuma katikati ya makutano ilhali mbele hapakuwa na nafasi, taa ikabadilika yakiwa palepale. Tulikuwa na kijani, pa kupita hatuna. Uchorwe mraba wa mistari ya manjano hapo, na anayeuziba atozwe faini. Rangi na askari mmoja mwenye kitabu cha faini ni rahisi kuliko zege la daraja.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtembea kwa miguu asubuhi, dereva jioni