Shukrani kwa dada wa Mwaloni

Dada yangu, jina lako sikuwahi kuuliza. Ulikuja soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kununua dagaa, ukanikuta nimeshapaka wino kidole gumba niweke alama kwenye karatasi ya mkopo. Ukasema, "Subiri kwanza, dada, nikusomee." Nilikuwa nimeambiwa nitarejesha laki tatu. Karatasi ilisema laki tano na nusu. Nikafuta wino kwenye kanga, nikanyamaza, maana nilishaweka dole kwenye karatasi kama hiyo zamani, ikaondoka na mizani yangu.

Ungeweza kuchukua dagaa wako ukaenda zako. Badala yake ulirudi kila Jumanne kwa miezi minne, ukakaa juu ya gunia, ukaniandikia herufi kwa mkaa kwenye boksi. Ulianza na d, ya dagaa. Mkono wangu ulitetemeka, ukaushika.

Mama yangu alijifunza kusoma baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mimi niliachishwa darasa la pili nilee wadogo zangu, na hilo bado linaniuma.

Sasa ujumbe wa pesa kwenye simu nausoma mwenyewe, simpi kijana wa kibanda. Na binti yangu, aliyekatiza masomo kwa ujauzito, alirudi shule baada ya serikali kuruhusu mwishoni mwa 2021. Fomu yake niliijaza mimi, kwa kalamu. Asante sana, dada. Popote ulipo, Mungu akutunze.