Mbegu ya lusani inaharibiwa na panga

Kwa Mhariri,

Siku hizi ukitembea Ruai, Kamulu mpaka Dagoretti kila mwenye ng'ombe wawili amepanda lusani (yale majani ya kulisha mifugo, wengine huyaita alfalfa), na sioni ubaya, maana chakula cha dukani kimetushinda bei. Kinachonikera ni huu ushauri unaozunguka kwa magrupu ya WhatsApp ati wewe endelea kukata tu kama kawaida, ikitoa maua vuna mbegu uuzie majirani. Watu wanafanya hivyo, wanapata maganda ya kuhesabu kwa vidole, halafu wanamwendea mtu wa agroveti na matusi ati aliwauzia mbegu mbovu. Jamani, mbegu haina neno, angalieni panga.

Lusani ikikatwa haina majani ya kujitengenezea chakula kwa hivyo inachipuka kwa akiba iliyo kwenye mizizi, na hiyo akiba inazidi kushuka wiki mbili tatu hivi mpaka machipukizi yafike kama sentimita 15 au 20, hapo ndio majani yanaanza kurudisha kitu chini. Ukirudi na panga kabla ya hapo unakata mmea wenye deni. Fanya hivyo msimu mzima uone kama utapata maua ya maana.

Sisemi watu wasikate. Kukata mapema hata kunasaidia, kwa sababu ncha ikikatwa matawi ya pembeni yanaamka, na matawi mengi ni maua mengi, tena yanachanua karibu wakati mmoja, si leo ganda moja limeiva kesho lingine. Uingereza wakulima wa klova nyekundu, majani mengine ya malisho ya jamii moja na lusani, wanavuna ile ya kwanza kama chakula cha mifugo, ile inayochipuka baadaye ndiyo wanaachia mbegu. Kule Australia wana klova inayozika mbegu zake udongoni, kondoo wanaila vizuri tu kabla ya maua lakini yakianza wanapunguzwa. Shida ni kukata vitumba vikishatoka, hapo umekata mbegu yenyewe. Mama anayechuma kunde za mboga analijua hili bila kufundishwa, kuna mistari hagusi kabisa kama anataka za kupanda.

Sasa Nairobi tarehe ndio kila kitu. Ukiachia lusani ichanue Julai utakutana na baridi na mawingu, nyuki wamejifungia, na ua la lusani bila nyuki wa kulifyatua, yaani kulibonyeza mpaka lifunguke, halitoi mbegu ya kutosha. (New Zealand walipopata shida kama hiyo na klova nyekundu walienda kuchukua nyuki bambi (wale wakubwa wenye manyoya) Uingereza, wakawaachilia kule mwaka 1885, hiyo ni kuonyesha watu walivyo serious na mbegu.) Mimi naona mkato wa mwisho uwe mwisho wa Novemba, mvua ya vuli ikiwa bado ina kitu, halafu usiguse. Maua yatakuja Januari kukiwa na jua kali, maganda yakauke Februari kuingia Machi kabla masika hayajaanza. Na msinyunyizie dawa ya wadudu mchana wakati wa maua, mtaua hao hao nyuki mnaowangoja.

Bila shaka ng'ombe lazima wale hiyo miezi, na lusani iliyokomaa na mbegu ni vijiti vitupu, kwa hivyo mtu atenge kipande kidogo tu cha mbegu, kwingine aendelee kukata. Wenye desmodiamu, hayo majani mengine ya malisho, nao wasijitoe, ukiikwangua kila wakati haitakupa mbegu, na kila mtu anajua vile hiyo mbegu ni ghali.

Ombi langu kwa maafisa wa kilimo wa kaunti na hata waandishi wenu: mkituambia habari za lusani tena msitupe tu bei ya mzigo, tuambieni pia siku ya kuweka panga chini.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Ruai, Nairobi