Barua kwa mwanangu anayefundisha Kiswahili Wisconsin

Tanga, mwishoni mwa Novemba

Mwanangu Rehema,

Asalaam aleikum. Huku nyumbani sote wazima, alhamdulillahi. Goti la baba yako limetulia. Mdogo wako kamaliza mtihani wa kidato cha nne, sasa kazi yake ni kulala mpaka jua linawaka. Bibi yako haachi kuuliza kama huko Ulaya kwenu kumekucha. Nimeshamwambia ni Marekani, lakini kwake yeye ng'ambo yote ni Ulaya.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa jikoni, nikausikiliza tena usiku watu walipolala. Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwenye simu ungesema "sawa mama, nimeelewa", tungehamia kwenye habari za harusi ya binamu yako, na jambo lenyewe lingebaki pale pale. Ndiyo maana nimekaa niandike, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa bweni.

Nianze na yule kijana. Umesema ulimsahihisha mbele ya wenzake, ukamwambia kwamba alichosema si Kiswahili, na tangu siku hiyo hafungui mdomo darasani. Kisha kwenye yale maoni ambayo wanafunzi wenu huandika katikati ya muhula bila kutia jina, mmoja akaandika kuwa mwalimu amemfanya aionee aibu lugha anayozungumza na mama yake. Unahisi ni yeye. Hata mimi nahisi ni yeye.

Umenieleza kuwa wazazi wake ni Wakongo wa Kivu Kusini na kwamba alizaliwa Nyarugusu kabla familia haijapelekwa Marekani. Umelitaja jambo hilo kwa kupita tu, lakini mimi limenishika. Nyarugusu si iko Kasulu, mkoani Kigoma? Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, Wakongo walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Kijana huyo kazaliwa katika nchi yako. Umezungukwa na vijana waliolisikia neno "hujambo" kwa mara ya kwanza Septemba, na katikati yao yuko mmoja aliyenyonya huku akibembelezwa kwa Kiswahili, na huyo ndiye aliyenyamaza. Nikiwaza hivyo usingizi haunijii.

Aliposema "niko nasoma bitabu" alisema kama mama yake, na kama wanavyosema watu wengi wa mashariki ya Kongo sokoni, kanisani na nyumbani kwao. Ni Kiswahili chao, na wamekizungumza vizazi kwa vizazi. Hiki tunachokiita sanifu kilichaguliwa na watu. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na Kiunguja cha mjini ndicho kilichofanywa msingi wa vitabu, Kimvita cha Mombasa kikaachwa pembeni pamoja na utenzi wake wote. Wakongo hawakuwa na mjumbe humo, nchi yao ilikuwa chini ya Wabelgiji. Bibi yako naye hakuulizwa na mtu. Kimtang'ata cha huku pwani ya Tanga anachokisema akikaa na dada zake, wewe mwenyewe ulikuwa ukikikimbilia utotoni kwa sababu ndicho chenye hadithi tamu. Mkalishe bibi yako kwenye darasa lako leo umpe jaribio la ngeli, utampa maksi ngapi?

Sikwambii ulegeze. Hilo naliogopa zaidi, maana nimeona walimu wakiumizwa na maneno ya wanafunzi kisha wanaacha kabisa kusahihisha, na hao nao wanawadhulumu watoto. Kijana kajiandikisha kujifunza Kiswahili cha kuandikia, cha kusomea magazeti na vitabu, kitakachomwezesha kesho kufanya ukalimani au kazi ofisini Dodoma na Nairobi. Akiandika "bitabu" kwenye insha, mwekee alama nyekundu kama mwingine yeyote. Ila mwambie wazi kwamba anaongeza Kiswahili cha pili juu ya alichonacho, na kwamba kile cha nyumbani hakimtoki wala hakina ila. Hilo si jambo kubwa kulisema, lakini lazima litamkwe na mwalimu kwa kinywa chake.

Kumbuka pia yuko wapi. Ulinisimulia ulivyoshangaa mwezi ule wa kwanza ulipokatazwa kubandika matokeo ukutani, ukaambiwa kuna sheria tangu mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, hata mzazi wa mwanafunzi wa chuo hapewi maksi hivi hivi. Sisi huku tumekulia kwenye kusomwa mstarini, wa kwanza mpaka wa mwisho, shule nzima inasikiliza. Wewe ulisomwa, mimi nilisomwa, na wengi tulitoka salama. Lakini mtu aliyelelewa mahali ambapo hata maksi yake ni siri kati yake na mwalimu, ukimwambia mbele ya watu kwamba lugha ya mama yake si lugha, pigo lake ni zito kuliko unavyolipima kwa kipimo cha shule zetu.

Kwa hiyo muite. Si mbele ya darasa, wala si kwa barua pepe, maana barua pepe ya mwalimu humtia mwanafunzi hofu kabla hajaifungua. Mwombe aje ofisini zile saa zako za kuonana na wanafunzi, mkaribishe kiti, umwombe radhi. Najua unachokiwaza, kwamba mwalimu akiomba radhi ameshuka. Huku kwetu wengi wanaamini hivyo, na mimi sikubaliani nao, sijawahi kukubali. Mwanafunzi anajua mwalimu alipokosea. Kinachobaki ni kama mwalimu naye ataonyesha kuwa anajua.

Halafu mpe kazi. Umesema lile baraza la walimu wa lugha huko, ACTFL, linataka asilimia 90 au zaidi ya mazungumzo ya darasani yawe kwa lugha inayofundishwa, na wewe unahangaika kwa sababu ukiuliza swali wanakutazama tu. Unaye mtu anayeelewa kila unachosema! Zungumza naye mbele yao: muulize bei kama mko sokoni, bishaneni, ajibu kwa Kiswahili chake, wewe urudie kwa cha kitabuni bila kumkatiza. Wenzake watasikia Waswahili wawili wakizungumza, tena wa nchi mbili. Hakuna kitabu kitakachowapa hicho.

Kuhusu wanafunzi kukuita kwa jina lako, kunywa kahawa ukifundisha na kukunja miguu kitini, hilo nakuomba uliache lipite. Hawana shikamoo na hawakunyimi. Heshima yao itafute kwingine: aliyefika kwa wakati, aliyeleta kazi iliyokamilika, aliyekuuliza swali gumu mpaka ukalazimika kwenda kusoma. Yule binti uliyesema anakubishia kila kanuni, kwa maoni yangu ndiye anayekuheshimu kuliko wote.

Sasa nizungumze habari zako mwenyewe.

Marekani sijafika, lakini ugeni naujua. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya kijijini mkoani Shinyanga. Mtoto wa pwani, sina ndugu, samaki ni wa kusikia habari zake. Watoto waliiga lafudhi yangu wakidhani sisikii. Jioni nilijifungia, nikasahihisha madaftari mpaka mafuta ya taa yakaisha. Aliyenitoa mle ndani ni mama mmoja mzee, jirani, aliyegonga mlango akiwa na michembe kwenye ungo, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani. Hakuwa na Kiswahili cha kutosha, nami sikuwa na Kisukuma. Alikaa kwenye kizingiti, akavunja kipande kimoja, akala mwenyewe kwanza ili nione si kitu kibaya, akanipa kingine. Kigumu, kitamu kwa mbali, kina harufu ya vumbi na jua. Kesho yake asubuhi nilimwamkia "mwangaluka", akacheka mpaka akashika ubavu, akawaita wenzake waje wamsikie mwalimu. Kuanzia hapo nilikuwa na watu.

Nakusimulia haya kwa sababu umeniambia kwamba profesa wako alikualika kwake siku ile ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, ukakataa, ukasingizia kazi. Bweni likabaki tupu, wanafunzi wote wameenda makwao, wewe umekaa dirishani unatazama theluji. Rehema, ulikuwa na woga wa nini? Nyama? Wenyeji wako wana tabia nzuri sana hiyo, kabla ya kumpikia mgeni humuuliza asichokula, na hawakasiriki ukiwaambia wewe ni Mwislamu, huli nyama isiyochinjwa kihalali. Wangekuwekea viazi, maboga, mboga na mkate, na ungeshiba. Nilichojifunza kutoka kwa wenzako waliowahi kwenda ni kwamba mwaliko wa huko usio na siku wala saa ni maneno ya adabu tu, lakini ukitajiwa siku na saa, umealikwa kweli, na wamekuhesabu kwenye viti. Ukialikwa tena, nenda. Wapikie maandazi ya iliki ubebe.

Halafu hilo giza. Umesema jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni na mwili wote unakuwa mzito, hutaki kuamka. Si uvivu, wala si uchawi, nimeuliza hospitali. Watu waliozoea jua la mwaka mzima huelemewa na majira ya baridi ya kaskazini, na wenyeji wenyewe huelemewa pia. Vaa, toka nje mchana kati ya vipindi, hata kama ni kuzunguka jengo tu. Vyuo vya huko vina washauri wa kuzungumza na wanafunzi wanaoelemewa, na wewe ni mwanafunzi pia, una masomo yako mawili juu ya saa 20 za kazi kwa wiki. Nenda kawaone. Usidhani ni mahali pa wendawazimu. Ile picha uliyotuma ya mzee anavua samaki kwenye ziwa lililoganda, amekaa juu ya ndoo mbele ya kitundu cha barafu, baba yako kaipeleka mpaka Deep Sea kwa wavuvi, hawajaamini mpaka leo. Nenda ukamsalimie mzee huyo, umuulize anatumia chambo gani. Baba yako anataka jibu.

Chai ya Usambara na viungo vya pilau nimempa mtoto wa jirani anayesafiri Desemba. Nyama na matunda sikuthubutu, forodha wangevitupa. Tangu Wamarekani warudishe saa nyuma tofauti yetu imekuwa saa tisa, basi nipigie saa sita mchana ya kwenu, hapa itakuwa saa tatu usiku, nitakuwa nimemaliza swala ya isha na nyumba imetulia.

Jambo la mwisho ni mama wa yule kijana. Usimtembelee sasa, muhula haujaisha, na mtu asije akasema maksi zimepikwa jikoni kwa watu. Ukishakabidhi matokeo, kijana akikwambia mama yake anakualika, kubali. Huyo ni mwanamke aliyekaa Kigoma kwenye hema akilea, na kwa miaka yote hii huenda hajakutana na mtu kutoka Tanzania aliyekwenda kukaa naye tu, bila fomu ya kujaza. Msikilize. Kisha nipigie ukiwa hapo hapo kwake, umpe simu, nimsalimie kwa Kiswahili chochote kile.

Mungu akuhifadhi.

Mama yako